Maswali ya Wasomaji: Vimeng'enya Vinavyotia Alama kwenye DNA

Safari hii tumekusanya maswali kuhusu methiltransferasi za DNA, yaani vimeng'enya vinavyobandika methili juu ya DNA ndani ya seli. Waulizaji wametoka darasani, maabara, kliniki na hata mizingani, kwa hiyo majibu hayatalingana urefu.

SWALI: Seli zangu zote zina DNA ileile, lakini ini ni ini na ngozi ni ngozi. Nimesoma kwamba kuna kimeng'enya kinachobandika methili ili jeni zilale. Kinajuaje pa kubandika? Na seli ikigawanyika, mbona alama hazipotei?
*Mwanafunzi wa kidato cha sita, Iringa*

JIBU: Methili ni kaboni moja yenye haidrojeni tatu. Kwa binadamu hubandikwa kwenye herufi C (sitosini), katika kaboni yake ya 5, na karibu kila mara ni pale C inapofuatwa na G. Jenomu yetu ina sehemu za namna hiyo takriban milioni 28. Katika seli nyingi za mtu mzima, kiasi cha asilimia 70 hadi 80 ya sehemu hizo zina methili. Zilizobaki wazi nyingi zimerundikana pale jeni zinapoanzia. C yenye methili bado hushikana na G kama kawaida, kwa hiyo maandishi ya jeni hayabadiliki hata herufi moja.

Tazama kazi yenyewe kwa karibu. C imefichwa katikati ya nyuzi mbili zilizosokotana, na kimeng'enya hakiwezi kuifikia ikiwa humo. Basi huizungusha mpaka itoke nje kabisa, kama mlango unavyofunguka kwenye bawaba zake, huku uti wa DNA ukibaki mzima. Jambo hili lilionekana mara ya kwanza mwaka 1994 katika picha ya kimeng'enya cha bakteria kiitwacho HhaI. C ikishakuwa nje, salfa ya asidi amino sisteini iliyomo ndani ya kimeng'enya hushika kaboni ya 6 ya C. Hapo kaboni ya 5, iliyokuwa imetulia, hupata nguvu ya kupokonya methili kutoka kwenye molekuli iitwayo SAM. Haidrojeni moja huondoka, kimeng'enya huachia, C hurudi mahali pake. SAM iliyonyang'anywa methili huitwa SAH, na seli isipoiondoa hurundikana na kukizuia kimeng'enya chenyewe kufanya kazi.

Sasa kuhusu kutopotea. Mwaka 1975 Arthur Riggs kule Marekani, na Robin Holliday pamoja na John Pugh kule Uingereza, walitoa wazo moja kila upande kivyake. CG ikisomwa upande wa pili wa DNA bado ni CG, kwa hiyo alama huweza kukaa kwenye nyuzi zote mbili. DNA inaponakiliwa, uzi wa zamani huwa na alama na uzi mpya hauna. Protini UHRF1 huitambua hali hiyo ya upande mmoja, humwita DNMT1 (DNMT ni kifupi cha methiltransferasi ya DNA), naye hujaza palipo wazi. Alama mpya kabisa huwekwa na DNMT3A na DNMT3B, hasa kiinitete kinapojipanga. Hawa wawili hupapasa histoni, zile protini ambazo DNA imezizunguka. Histoni H3 ikiwa na methili tatu kwenye laisini ya 4, ishara ya mwanzo wa jeni inayofanya kazi, wao hukataa kuingia. Ndiyo sababu mianzo hiyo hubaki safi. DNMT3L ni msaidizi tu, yeye mwenyewe hana uwezo wa kubandika, na aliyeitwa DNMT2 kazi yake hasa ni kwenye RNA, usimhesabu humu.

Rekebisha kidogo maneno ya kitabu chako: methili si sawa na usingizi kila mahali. Kwenye mwanzo wa jeni, ndiyo, hufunga, na mara nyingi hutia kufuli jeni iliyokwisha kunyamazishwa kwa njia nyingine. Lakini katikati ya jeni inayofanya kazi kwa nguvu, methili huwa nyingi tu. Wala si za kudumu milele, kwani tangu 2009 tunajua kwamba vimeng'enya vya kundi la TET huanzisha kazi ya kuziondoa. Uzito wa mfumo huu ulionekana kwa panya mwaka 1992: waliokosa DNMT1 inayofanya kazi walikufa wakiwa bado tumboni.

SWALI: Rafiki yangu ananiuzia vidonge vya "kurekebisha methili mwilini", bei yake si ndogo. Natarajia kubeba mimba mwaka huu. Je, ninunue?
*Mama wa mtoto mmoja, Mwanza*

JIBU: Mama, hela hiyo iweke. Unachohitaji ni asidi foliki ya kawaida, nayo ni ya bei nafuu.

Wauzaji wanaanzia kwenye jambo la kweli. Foleti (asidi foliki ni aina yake ya vidonge), ikisaidiana na vitamini B12, hupitisha kaboni moja hadi kwenye homosisteini, nayo huwa methionini. Methionini ndiyo hutengeneza SAM, ambayo DNMT zote huchota methili kwake. Lakini kuwa na SAM nyingi hakumwambii DNMT1 abandike wapi, na hakuna kidonge kinachochagua jeni.

Ni kweli vilevile kwamba lishe ya wakati wa kutunga mimba huacha alama. Watu waliotungwa wakati wa njaa ya Uholanzi ya 1944 na 1945 walikutwa, miongo sita baadaye, na methili pungufu kidogo kwenye jeni ya IGF2 kuliko ndugu zao wa jinsia ileile ambao hawakuipitia. Huko Keneba, Gambia, watoto waliotungwa msimu wa mvua na wale wa kiangazi hutofautiana katika baadhi ya sehemu za DNA. Matokeo haya yanatufundisha kwamba wakati wa kutunga mimba ni nyeti. Hayatuambii tumeze nini ili kupata mtoto wa namna fulani.

Kilichothibitishwa kabisa ni hiki: asidi foliki hupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Kipimo ni mikrogramu 400 (miligramu 0.4) kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Usisubiri kipimo cha mkojo kionyeshe mimba, kwa sababu mfereji wa neva wa mtoto hufungika kufikia kama siku ya 28 tangu kutungwa, na wanawake wengi wakati huo hawajajua kwamba wana ujauzito. Ukiwa umewahi kuzaa mtoto mwenye tatizo hilo, daktari atakuandikia dozi kubwa zaidi, ya miligramu 4 au 5. Dozi hiyo si ya kujinunulia.

Na hapa ndipo wengi hukosea katika maeneo yetu ya malaria. Kliniki ya wajawazito hutoa SP ya kuzuia malaria. SP huua vimelea kwa kuwanyima foleti, kwa hiyo ukimeza asidi foliki ya miligramu 5 kwa siku unaipunguzia nguvu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema dozi ya miligramu 5 au zaidi isitolewe pamoja na SP. Ile ya 0.4 haina shida. Soma lebo ya kidonge chako: "5 mg" na "0.4 mg" hufanana kwa sura lakini ni mambo mawili tofauti.

Kama huli nyama, samaki, mayai wala maziwa, mweleze mhudumu akuangalie B12. Foleti nyingi bila B12 huweza kuificha anemia huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuumia. Chakulani, kunde, maharage na mchicha vina foleti nyingi. Mboga usiichemshe sana ukamwaga maji, maana foleti huyeyuka humo.

SWALI: Baba ana ugonjwa wa uboho, wameuita MDS. Ameandikiwa sindano za azasitidini, tumeambiwa zinazuia kimeng'enya cha methili. Amemaliza mizunguko miwili na damu imeshuka badala ya kupanda. Je, dawa imeshindwa?
*Binti anayemuuguza baba yake, Dar es Salaam*

JIBU: Pole sana, dada. Kwa mizunguko miwili bado ni mapema mno kusema imeshindwa.

Azasitidini ni C ya bandia. Pale kwenye nafasi ya 5, mahali pa kaboni pana naitrojeni. Seli inaponakili DNA huiingiza bila kujua, ingawa sehemu kubwa ya dawa huishia kwenye RNA. DNMT1 hufika, hushika kaboni ya 6 kama tulivyomweleza mwanafunzi wa Iringa, lakini mwishoni hushindwa kuachia, kwa kuwa naitrojeni haina ile haidrojeni ya kuondoka. Kimeng'enya hunaswa pale pale na seli hukivunja. Kuanzia hapo uzi mpya hutoka bila alama, na methili hupungua kila seli inapogawanyika. Kwa hiyo dawa hutegemea migawanyiko mingi, na ndiyo sababu huenda polepole.

Dozi ya kawaida ni miligramu 75 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, siku 7 mfululizo, kisha mapumziko hadi siku 28 zitimie. Madaktari huwa hawatoi hukumu kabla ya mizunguko 4 hadi 6. Kushuka kwa chembe za damu katika miwili ya kwanza ni kwa kawaida, kwa sababu dawa huzigusa pia seli changa zilizo nzima. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2009, kwa wagonjwa wa MDS ya hatari kubwa, ulikuta nusu ya waliopewa azasitidini waliishi zaidi ya miezi 24.5, dhidi ya miezi 15 kwa waliopewa tiba nyingine za kawaida. Azasitidini peke yake haiponyi. Tiba inayoweza kuponya ni upandikizaji wa uboho, na si kila mzee huweza kuustahimili.

Mambo ya kushika nyumbani na kliniki: dawa ikishachanganywa huharibika haraka, hivyo isipohifadhiwa kwenye friji inatakiwa idungwe ndani ya saa moja. Maji yake kuwa meupe kama maziwa ni sawa kwa sindano ya chini ya ngozi. Sehemu ya kudunga ibadilishwe kila siku: paja, tumbo, mkono. Dawa ya kuzuia kichefuchefu itangulie. Choo kigumu ni cha kawaida, mpe maji na matunda yaliyooshwa vizuri. Kuwa na kipimajoto nyumbani. Joto likifika nyuzi 38, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, na usimpe panadoli kwanza ikaificha homa. Na mzunguko unaofuata usiahirishwe na familia kwa sababu namba zimeshuka. Uamuzi huo ni wa daktari wake.

SWALI: Nimekata plasmidi (DNA ndogo ya mviringo) kwa XbaI na BclI, vimeng'enya vya kukata DNA, usiku kucha, haikatiki. Ramani inaonyesha sehemu zipo. Vimeng'enya ni vipya, EcoRI inakata vizuri kwenye bafa na DNA ileile. Tatizo nini?
*Mwanafunzi wa shahada ya uzamili, Morogoro*

JIBU: Tatizo karibu kwa hakika ni mwenyeji wako, yule bakteria uliyeikuzia plasmidi. Aina nyingi za E. coli za maabara, DH5α ikiwemo, zina methiltransferasi mbili za kwao. Dam hubandika methili kwenye A ya GATC. Dcm hubandika kwenye C ya pili ya CCAGG na CCTGG.

BclI hukata TGATCA. Ndani yake mna GATC, kwa hiyo imezuiwa daima. XbaI hukata TCTAGA, haina GATC ndani, ila ikitanguliwa na GA au kufuatwa na TC, GATC huzaliwa pale mpakani na kimeng'enya hugoma. Angalia herufi mbili kila upande wa sehemu yako, programu nyingi za ramani hazikuonyi usipoziwekea alama ya Dam. ClaI nayo ina mtego huo huo ikitanguliwa na G au kufuatwa na C. BamHI na BglII, japo zina GATC ndani, hazijali.

Thibitisha kabla ya kubadilisha chochote. Weka mirija minne, kila mmoja nanogramu 300 za plasmidi: wa kwanza bila kimeng'enya, wa pili DpnI, wa tatu MboI, wa nne Sau3AI. Saa moja kwa nyuzi 37, kisha jeli. Zote tatu husoma GATC, ila DpnI hukata yenye methili tu, MboI hukata isiyo na methili tu, Sau3AI haibagui methili ya Dam. DpnI ikikatakata na MboI ikashindwa, jibu umelipata.

Suluhisho ni kuipitisha plasmidi kwenye bakteria wasio na Dam wala Dcm, kama JM110 au GM2163. BL21 haitakusaidia, kwa sababu imekosa Dcm lakini Dam anayo. Tarajia makoloni machache, kwani plasmidi yenye methili huingia kwa shida kwenye bakteria wasio na Dam, kwa hiyo ongeza DNA. Ukishapata ya kutosha, iache iishie hapo. Usiwatumie bakteria hao kama ghala. Seli hutegemea alama za Dam kujua uzi upi ni wa zamani wakati wa kusahihisha makosa ya kunakili, na bila Dam mabadiliko ya herufi huongezeka. Hifadhi asili kwenye DH5α. Kama kipande ni kifupi, kikuze kwa PCR tu (njia ya kunakili DNA mara nyingi ndani ya mrija), kwa maana kilichotoka kwenye PCR hakina methili hata moja.

Ubaguzi wa DpnI, kwa upande mwingine, ni msaada mkubwa kwa wanaobadilisha herufi za plasmidi kwa PCR: huimeza plasmidi ya zamani na kuacha mpya. Ila plasmidi ya zamani lazima iwe imetoka kwa mwenyeji mwenye Dam. Ikitoka JM110, DpnI haitagusa kitu na makoloni yako yote yatakuwa ya zamani.

SWALI: Napima methili kwenye jeni moja kwa njia ya baisalfaiti, kemikali inayogeuza C zisizo na methili. Sampuli nyingi hazitoi bendi, na chache zinazotoa zinaonekana zina methili kila C. Nianzie wapi?
*Mtaalamu wa maabara, Nairobi*

JIBU: Anzia kwenye hiyo "kila C". Soma mfuatano wako na utazame C zisizofuatwa na G. Katika damu ya mtu mzima zinatakiwa karibu zote ziwe zimegeuka T. Kama zimebaki C, hukupima methili, umepima baisalfaiti iliyoshindwa kazi. Kiwango cha kugeuka kiwe asilimia 99 au zaidi, chini ya hapo tupa data.

Baisalfaiti hugeuza C tupu kuwa U (PCR huisoma kama T) na kuiacha C yenye methili, lakini hufanya hivyo kwenye uzi mmoja peke yake. Nyuzi zisipotengana, au zikishikana tena, hapo C hubaki. Visababishi ni hivi: protini iliyosalia kwenye DNA, DNA nyingi kupita kiasi (nanogramu 200 hadi 500 zinatosha, mikrogramu mbili ni nyingi), na kemikali ya zamani. Baisalfaiti huoksidika hewani, itengenezwe siku hiyo hiyo na ikae gizani, pH karibu na 5.

Kukosa bendi kuna sababu nyingine. Asidi na joto hukata DNA vipande vifupi, basi kipande cha PCR kisizidi herufi 300. Hatua ya mwisho ya hidroksidi ya sodiamu, moli 0.3 kwa lita kwa dakika 15, ikirukwa au ikifanywa kwa myeyusho uliozeeka, salfa hubaki juu ya U na polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA, hukwama. Polimerasi ile "bora" inayosahihisha makosa, ya kundi la arkea, nayo husimama ikikuta U. Tumia Taq ya kuanzia kwenye joto, mizunguko 35 hadi 40. Praima, vile vipande vifupi vya kuanzishia PCR, ziwe ndefu, herufi 26 hadi 30, zisiwe na CG ndani, lakini ziwe na C kadhaa zilizogeuka T, ili DNA isiyogeuka isikuzwe. Zitungwe kwa uzi mmoja, maana baada ya kugeuzwa nyuzi mbili hazilingani tena. Ukipima wingi kwa mwanga, tumia kipimo cha uzi mmoja, mikrogramu 40 kwa mililita badala ya 50, la sivyo utadhani una DNA zaidi ya uliyo nayo.

Kisha jiwekee vipimo vya kulinganishia. Sufuri: DNA ya faji lambda kutoka kwa bakteria wasio na Dam na Dcm, tia kidogo ndani ya sampuli yenyewe. Mia: DNA uliyoitia methili kwa M.SssI, methiltransferasi ya bakteria, SAM ya mikromoli 160 kwa lita, nyuzi 37, saa moja hadi nne. Hakikisha kwa HpaII, ambayo hukataa kukata CCGG yenye methili kwenye C ya ndani, huku MspI ikikata zote. Hatua hii ikishindwa, SAM ndiyo mshukiwa wa kwanza: kwenye joto la kawaida huharibika, na umeme ukikatika friji likayeyuka na kuganda tena, imekwisha. Igawe mikrolita 5 kwa kila mrija siku inapofika. Magnesiamu usiiongeze, kwani M.SssI haiihitaji, na ikiwepo kimeng'enya huacha kutembea mfululizo juu ya DNA, kikawa kinaruka huku na huko.

Changanya sufuri na mia kwa viwango vya 25, 50 na 75 upate mstari wa kulinganishia. Praima nyingi hupendelea upande mmoja, na bila mstari huo asilimia 40 yako inaweza kuwa 55. Jambo la mwisho, na hili huharibu tafiti nzuri kabisa: damu ni mchanganyiko wa seli. Mgonjwa mwenye maambukizi ana uwiano tofauti wa nyutrofili na limfosaiti, na kila aina ina methili zake. Bila hesabu ya chembe za damu ya siku ile ile, huwezi kujua umepima ugonjwa au mgawanyo wa seli.

SWALI: Malkia na nyuki wafanyakazi huwa na DNA ya aina moja. Je, kuna dawa ya kutengeneza malkia kupitia hiki kimeng'enya?
*Mfugaji nyuki, Tabora*

JIBU: Maabara imefanya, mzingani hakuna haja. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walidunga mabuu RNA ya kuzima Dnmt3, na wengi wao wakatoka na ovari zilizokomaa kama za malkia. Ni kazi ya sindano nyembamba, buu kwa buu.

Wewe tumia umri. Hamishia buu mwenye umri wa chini ya saa 24 kwenye kikombe cha malkia, ndani ya kundi lisilo na malkia lenye nyuki vijana wengi na chavua ya kutosha. Mabuu wote hulishwa maziwa ya nyuki siku za mwanzo, na kama siku ya tatu wafanyakazi huanza kubadilishiwa chakula. Ukichelewa hadi hapo utapata malkia mdogo mwenye ovari ndogo, ambaye huenda kundi likamkataa. Malkia hutoka kama siku ya 16 tangu yai kutagwa, mfanyakazi siku ya 21. Nyuki wetu wa Afrika huwahi kidogo, kwa hiyo vitenganishe vikombe mapema, kabla wa kwanza hajatoka na kuwaua wenzake.